Ubatizo wa watu wazima Upareni: Kati ya hiari na tarehe ya harusi

Na Mwandishi Wetu, Same

USIKU wa Jumamosi Kuu, ibada ya Mkesha wa Pasaka katika makanisa ya Katoliki huanza gizani. Taa huzimwa, moto huwashwa nje ya kanisa, na kutoka katika moto huo huwashwa Mshumaa wa Pasaka unaowaongoza waamini kuingia ndani. Ndivyo ilivyo Roma, ndivyo ilivyo Dar es Salaam, na ndivyo ilivyo katika parokia na vigango vya Upare, kuanzia tambarare za Same na Mwanga hadi vijiji vilivyo juu kwenye miteremko ya milima.

Usiku ukiwa umekwenda, baada ya masomo marefu na Litania ya Watakatifu, huitwa mbele watu ambao hawakubebwa mgongoni na mama zao. Ni watu wazima. Wapo vijana waliomaliza shule, wapo akina mama wenye watoto, na mara nyingine wapo wazee wenye mvi. Wanaulizwa maswali na wanajibu kwa sauti zao wenyewe. Kisha maji yanamiminwa juu ya vichwa vyao. Kwa kila mmoja, tendo hilo halizidi dakika mbili.

Nyuma ya dakika hizo mbili kuna maandalizi ya miezi mingi, pengine miaka, ambayo Kanisa Katoliki huyaita ukatekumeni. Kwa mtazamaji wa nje, maandalizi hayo yanaweza kuonekana kuwa ni urasimu wa kidini usio na sababu. Kama mtu ameamua kuamini, kwa nini asibatizwe wiki ijayo?

Uchunguzi wa utaratibu wenyewe unatoa jibu jingine. Muda huo mrefu umewekwa ili kuhakikisha kwamba anayefika kwenye maji amefika kwa miguu yake mwenyewe. Swali linalofaa kuulizwa leo katika miji kama Same ni iwapo kinga hiyo bado inafanya kazi pale mwombaji anapobisha hodi parokiani huku kadi za harusi yake zikiwa tayari zimechapishwa.

Milima mamoja, dini nyingi

Uzito wa swali hilo hauwezi kueleweka bila kuitazama Upare yenyewe. Ni nadra kupata eneo dogo lililobeba mapito mengi ya dini kama hili. Uislamu uliingia kwa njia ya misafara ya biashara iliyopita katika bonde la Mto Pangani, na hadi leo Usangi na Ugweno zina jamii kubwa za Waislamu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mwanzoni mwa karne iliyopita. Waadventista Wasabato nao walifika mwaka 1903 na kuanzisha kituo chao cha kwanza katika nchi hii huko Giti, Upare ya Kusini.

Wakatoliki walitokea upande wa Kilimanjaro, ambako Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890. Kilomeni, katika Upare ya Kaskazini, ni miongoni mwa misheni zao za kale. Ilichukua miongo mingi kabla ya eneo hili kupata uongozi wake wa kikanisa. Desemba 3, 1963, Same iliundwa kuwa Prefektura ya Kitume kwa kumegwa kutoka Jimbo la Moshi, na Mei 9, 1977 ikapandishwa hadhi kuwa jimbo kamili.

Kwa bahati ya pekee, siku moja tu baada ya prefektura hiyo kuundwa, yaani Desemba 4, 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitangaza Hati juu ya Liturujia Takatifu. Kifungu cha 64 cha hati hiyo kiliagiza ukatekumeni wa watu wazima urejeshwe na ugawanywe katika hatua mbalimbali. Inaweza kusemwa, basi, kwamba Kanisa la Same na utaratibu huu wa kisasa ni rika moja.

Hakuna takwimu za serikali zinazoweza kuonyesha ni Wapare wangapi wanafuata dini ipi, kwa kuwa sensa za Tanzania hazijauliza swali la dini tangu mwaka 1967. Lakini mkazi wa Same hahitaji takwimu ili kujua kwamba dini hizo hukutana ndani ya ukoo mmoja. Si ajabu kumkuta shangazi Msabato, mjomba Mwislamu, babu Mlutheri na mjukuu Mkatoliki wakila chungu kimoja siku ya msiba. Na mahali ambapo dini hukutana sokoni, shuleni na msibani, hukutana pia katika uchumba.

Hatua kwa hatua

Kitabu cha ibada kinachoongoza kazi hii, yaani Utaratibu wa Kuwaingiza Watu Wazima katika Ukristo, kilitangazwa Roma Januari 6, 1972. Kinagawanya safari katika vipindi vinne vinavyotenganishwa na milango mitatu.

Kipindi cha kwanza ni cha kuuliza na kusikiliza. Mtu huja na maswali yake, na Kanisa humsimulia habari za Yesu Kristo bila kumwandika popote. Akionyesha dalili za imani ya mwanzo, hupita mlango wa kwanza, ambao ni ibada ya kupokewa. Hupigwa ishara ya msalaba katika paji la uso na kuanzia hapo huitwa mkatekumeni.

Jina hilo lina uzito wa kisheria. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 206, mkatekumeni tayari ana uhusiano wa pekee na Kanisa, na kanuni ya 1183 inamhesabu pamoja na waamini katika suala la mazishi. Akifa kabla ya kubatizwa, ana haki ya kuzikwa kwa ibada ya Kanisa. Katika jamii inayojali sana nani amemzika nani, na wapi, hilo si jambo dogo.

Kipindi cha pili ndicho ukatekumeni wenyewe, nacho ndicho kirefu kuliko vyote. Hapa kuna mafundisho ya Kanuni ya Imani, Amri za Mungu, Sakramenti na sala, lakini pia kuna kuzoea maisha ya Kikristo kwa kushiriki ibada na matendo ya huruma. Kitabu cha ibada hakiweki idadi moja ya miezi kwa watu wote. Kinasema muda uwe wa kutosha ili imani ikomae, hata kama itachukua miaka kadhaa.

Mlango wa pili hufunguliwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima, wakatekumeni wanapoteuliwa na majina yao kuandikwa. Kwa kawaida kiongozi wa ibada hiyo ni askofu. Hapo wasimamizi wao husimama mbele ya watu na kuulizwa kama wateule hao wameishi kama wanaostahili. Siku arobaini zinazofuata ni za utakaso. Katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano hufanyika ibada za kuwachunguza na kuwaimarisha, zikiongozwa na Injili za mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa na kufufuliwa kwa Lazaro.

Mlango wa tatu ni Mkesha wa Pasaka wenyewe. Mtu mzima hupokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi kwa pamoja, na kanuni ya 866 inataka sakramenti hizo zisitenganishwe bila sababu nzito. Kipindi cha nne huendelea hadi Pentekoste, ambapo waliobatizwa hutafakari mafumbo waliyoyapokea. Yule aliyekwisha kubatizwa katika dhehebu ambalo ubatizo wake unatambuliwa, kwa mfano Mlutheri, habatizwi upya. Huyo hufundishwa, huungama imani Katoliki na kupokewa katika ushirika kamili.

Subira yenye historia

Wazo la kumfanya mtu mzima asubiri si geni. Kanisa la karne za kwanza lilikuwa na wakatekumeni waliosubiri kwa muda mrefu, wengine kwa miaka mitatu, hasa kwa sababu nyakati za mateso Mkristo dhaifu angeweza kuwasaliti wenzake. Baadaye, ubatizo wa watoto wachanga ulipokuwa kawaida Ulaya, utaratibu huo ukafifia.

Ulirudi kwa nguvu katika Afrika. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, aliwaagiza wamisionari wake waliofika katika nchi za maziwa makuu kuanzia mwaka 1878 wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya maandalizi. Hakutaka Wakristo wa zawadi na shanga.

Historia ya Uganda inaonyesha pande zote mbili za kanuni hiyo. Karoli Lwanga alibatizwa usiku wa Novemba 15, 1885, siku ambayo Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mei 1886, muda mfupi kabla yeye mwenyewe hajakamatwa, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kadhaa akiwamo kijana Kizito, kwa kuwa kifo kilikuwa mlangoni. Vijana hao hawakumaliza muda uliowekwa. Lakini hakuna anayeweza kudai kwamba walibatizwa bila hiari, kwa sababu kila mmoja alijua bei yake.

Kwa Wapare, fikra ya kumpitisha mtu katika mafunzo kabla ya kumpa hadhi mpya ilikuwapo hata kabla ya wamisionari. Vijana walipelekwa katika msitu wa jando uitwao mshitu, wakafundishwa na wazee na kurudi wakiwa watu wengine mbele ya jamii. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare, ameonyesha jinsi jando hilo lilivyokuwa nguzo ya utawala wa kale wa Ugweno. Kulikuwa na muda wake, walimu wake na wasimamizi wake. Hakuna aliyetoka mshitu kwa sababu shangazi yake alikuwa na haraka.

Tofauti ni kwamba jando lilikuwa la rika zima, ilhali ukatekumeni humtazama mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alipopata mshangao alipokuwa akiwafundisha Wamasai wa Loliondo katika miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 anasimulia jinsi alivyotaka kuchagua wanaostahili ubatizo na kuwaacha wavivu na wasioelewa, na mzee wa jamii akakataa jamii yake isigawanywe. Hatimaye wote wakabatizwa pamoja.

Tukio hilo linakumbusha kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, uamuzi wa imani haufanywi na mtu aliyejifungia chumbani peke yake. Familia imo. Ukoo umo. Ugumu unaanza pale familia inapoacha kumsindikiza mtu na kuanza kumsukuma.

Kadi zimeshatoka

Si siri kwamba mlango mmojawapo unaoleta watu wazima wengi parokiani ni ndoa. Chukulia mfano wa kijana aliyelelewa katika familia ya Kiislamu ya Usangi, aliyemchumbia binti Mkatoliki wa Same mjini. Mahari imetolewa. Kamati ya harusi imekaa vikao vinne, michango inaingia, ukumbi umelipiwa malipo ya awali na sare zimeshonwa. Ndipo mtu anakumbuka kwamba bwana harusi "hajabadilisha". Anapelekwa kwa katekista, na swali la kwanza la wazee ni moja: itachukua muda gani?

Katika mfano huo, kila mtu ameulizwa jambo fulani. Mshereheshaji ameulizwa bei, mpishi ameulizwa idadi ya sahani, mjomba ameulizwa ahadi yake ya mchango. Bwana harusi peke yake ndiye ambaye hajaulizwa kama anaamini.

Mfano huo unaweza kugeuzwa. Mara nyingi anayetakiwa kuhama ni mwanamke, kwa desturi iliyoenea kwamba mke hufuata dini ya mume. Binti Mlutheri au Msabato huambiwa hivyo kana kwamba ni sehemu ya mahari. Na upande wa pili wa njia hiyo, wapo Wakatoliki wanaosilimu kwa sababu ileile. Kila dini ina utaratibu wake. Katika Uislamu mtu huingia kwa kutamka shahada na elimu huendelea baadaye, ilhali Ukatoliki huweka mafundisho mbele ya mlango. Lakini shinikizo la harusi halichagui dini.

Jambo ambalo familia nyingi hazilifahamu, au hazipendi kulisikia, ni kwamba sheria ya Kanisa Katoliki haimlazimishi mtu kubadili dini ili afunge ndoa na Mkatoliki. Kwa ndoa kati ya Mkatoliki na Mkristo wa dhehebu jingine, kanuni ya 1124 inahitaji ruhusa ya mamlaka ya Kanisa. Kwa ndoa na mtu asiyebatizwa, akiwamo Mwislamu, kanuni ya 1086 inahitaji kibali maalumu kinachoondoa kizuizi.

Masharti yake yameelezwa katika kanuni ya 1125. Upande wa Katoliki hutamka kwamba utajilinda usipoteze imani na huahidi kufanya kila unaloweza ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenza hufahamishwa ahadi hiyo, na wote wawili hufundishwa makusudi ya ndoa. Haombwi kuacha dini yake.

Zaidi ya hayo, kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 19, nayo inaiweka dini katika hiari ya mtu binafsi. Kwa hiyo shinikizo linalomfikisha kijana kwa katekista wiki sita kabla ya harusi halitoki katika sheria ya Kanisa wala ya nchi. Linatoka sebuleni.

Hii haina maana kwamba kila anayekuja kwa sababu ya mchumba anadanganya. Wengi waliokuja kwa ajili ya mtu wamebaki kwa ajili ya imani, na upendo umekuwa mwanzo wa maswali makubwa tangu zamani. Lakini ili mwanzo wa namna hiyo uzae matunda, unahitaji muda. Anayebatizwa kwa sababu ya tarehe yumo katika hatari ya kuondoka tarehe ikishapita, na anayebaki akiwa na jina la Kikristo na kinyongo moyoni hataisaidia ndoa yake.

Roma yenyewe imeonyesha kuliona tatizo hilo. Juni 2022, Vatikano ilitoa mwongozo unaopendekeza wachumba waandaliwe kwa mtindo wa ukatekumeni, kwa vipindi na hatua, badala ya semina ya siku chache kabla ya harusi. Ni kana kwamba Kanisa linasema kwamba hata aliyebatizwa utotoni anahitaji subira ileile anayopewa mgeni.

Wake wawili, ubatizo mmoja

Ipo kesi ngumu kuliko ya bwana harusi mwenye haraka, nayo ni ya mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja anayeomba ubatizo. Ndoa za namna hiyo hazikuwa ngeni Upareni, na hazijatoweka katika Afrika Mashariki.

Kanuni ya 1148 inasema kwamba mwanamume asiyebatizwa mwenye wake kadhaa wasiobatizwa, akibatizwa, anaweza kubaki na mmoja wao iwapo ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, na wengine awaache. Kanuni hiyohiyo inamtaka askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya mke wa kwanza na ya wengine walioachwa yanatimizwa kwa haki, upendo na usawa.

Kwenye karatasi, maneno hayo yanatosha. Kwenye kijiji cha milimani, ambako mke wa pili ana watoto watano na shamba la migomba alilolilima kwa miaka ishirini, ni jambo jingine. Mwanamume anapata ubatizo, na mwanamke anapata talaka asiyoiomba. Nani atahakikisha kwamba chakula, karo na paa la nyumba vinaendelea kupatikana miaka mitano baadaye?

Upande wa sheria za nchi nao hauna budi kuangaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Uamuzi wa kikanisa hauvunji ndoa iliyo halali kiserikali. Ndoa hiyo huvunjwa na mahakama, na kwa kawaida baada ya shauri kupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mke aliyeambiwa kwamba mumewe "ameokoka na wewe" bado ana haki zake za matunzo na za mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa pamoja. Katekista anayelijua hilo anaweza kumwokoa mama mmoja asifukuzwe mikono mitupu.

Suala hili limefika mezani kwa viongozi wa juu. Sinodi ya Maaskofu iliyofanyika Roma Oktoba 2023, katika ripoti yake ya majumuisho, iliyahimiza mabaraza ya maaskofu ya Afrika, kupitia umoja wao wa SECAM, kuendeleza tafakari ya kitaalimungu na kichungaji kuhusu ndoa za wake wengi na jinsi ya kuwasindikiza watu walio katika ndoa hizo wanaoikaribia imani. Msimamo wa Kanisa juu ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja haukuguswa. Kilichowekwa mezani ni namna ya kumpokea mtu bila kumtupa mwingine.

Hapa ndipo urefu wa ukatekumeni unapopata maana yake ya kijamii. Miaka miwili au mitatu ya maandalizi inaweza kuwa muda wa kupanga maisha ya mke na watoto, kuandika makubaliano mbele ya wazee na kusikiliza sauti ya mwanamke mwenyewe. Ubatizo wa haraka hauachi nafasi ya mambo hayo.

Mzigo wa katekista

Sheria na vitabu vyote hivyo hatimaye huangukia mabega ya mtu mmoja, naye ni katekista. Katika parokia za vijijini padri hawezi kuwa katika kila kigango kila Dominika. Katekista ndiye anayefundisha, anayeongoza ibada padri asipokuwapo na anayemjua mkatekumeni kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Wengi wao ni wakulima wanaoishi kwa jembe lao, na posho wanayopata, pale inapokuwapo, haifanani na kazi wanayoifanya.

Mei 2021, Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista kwa barua yake iitwayo Antiquum Ministerium. Kwa Ulaya ilikuwa ni habari ya kurejesha jambo lililosahaulika. Kwa Afrika Mashariki ilikuwa ni kutambua jambo ambalo halijawahi kukoma. Hata hivyo, kutambuliwa hakujazi ghala. Katekista asiyepata mafunzo ya kutosha hurudi kwenye njia rahisi ya maswali na majibu ya kukariri, na mtu mzima anayekariri anaweza kufaulu mtihani bila kubadilika hata kidogo.

Msaada wake mkubwa ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa nchi za AMECEA walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Jumuiya hukutana nyumbani kwa mtu, na majirani hujua nani analewa, nani anagombana na mkewe na nani anamtunza mama yake mgonjwa. Msimamizi anapotoka katika jumuiya ya namna hiyo, ushuhuda wake siku ya uteuzi una uzito. Anapookotwa kwenye kamati ya harusi kwa sababu ana suti nzuri, ushuhuda huo unakuwa ni mapambo.

Changamoto hiyo si ya Upare peke yake. Nchini Ufaransa, ambako kwa miaka mingi habari zilikuwa za makanisa kufungwa, watu wazima 10,384 walibatizwa Pasaka ya mwaka 2025, ongezeko la asilimia 45 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Parokia huko zililazimika kutafuta kwa haraka watu wa kuwasindikiza. Upare, yenye desturi ya katekista na ya jumuiya, ina kitu ambacho Paris inakitafuta. Itakuwa hasara kukiacha kidhoofike kwa kukosa mafunzo na posho.

Swali la mlangoni

Katika ibada ya kupokewa, mwombaji huulizwa anaomba nini kwa Kanisa, naye hujibu kwamba anaomba imani. Yapo majibu mengine ambayo watu wengi wangeyatoa kama wangekuwa wa kweli: mke, amani na wakwe, jina litakalosomwa vizuri kwenye kadi. Hakuna aibu katika kuyataka hayo, lakini hayahitaji ubatizo. Mengine yanahitaji kibali cha askofu tu, na mengine yanahitaji kikao cha wazee.

Familia za Same na Mwanga zinaweza kuanza na hatua ndogo: kwenda kwa paroko kabla ya kwenda kwa mchapaji wa kadi. Mapadri na makatekista nao wanaweza kusema waziwazi, tena mapema, kwamba ndoa ya watu wa dini mbili ina njia yake halali, na kwamba anayeomba ubatizo ana haki ya kupewa muda, pamoja na haki ya kusema bado. Mkatekumeni anayeruhusiwa kusema bado ndiye atakayesema ndiyo kwa sauti yake mwenyewe atakapoulizwa usiku wa Pasaka.